Namna ya kutazama michoro na sanamu za machipuko na mapenzi: tafuta kinachogeuka

Mtu akikuta mchoro uliojaa maua na wapenzi, kwa kawaida husimama sekunde chache, husema "umependeza," hupiga picha, huenda zake. Ameona maua, ameona busu, basi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa zaidi. Wachoraji na wachongaji wakubwa wa Ulaya hawakuweka maua na wapenzi ili kupamba tu. Walikuwa wakitafuta dakika ile kitu kinapoacha kuwa hiki na kuanza kuwa kile: baridi inapopasuka kuwa maua, msichana anapogeuka mti, aliyelala anapofumbua macho. Ukiipata dakika hiyo katika kazi iliyo mbele yako, mikono, nyuso, rangi na nafasi tupu vyote huanza kusema.

Kwanza tuelewane kuhusu majira yenyewe. Afrika Mashariki hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Kule, miti mingi hupukutisha majani kufikia Novemba na kubaki mitupu mpaka Machi. Mtu huishi miezi minne akitazama vijiti. Chipukizi la kwanza linapotokea, uzito wake ni ule wa mvua ya kwanza kwa mkulima aliyetayarisha shamba kabla ya masika na amekuwa akitazama mawingu kila jioni. Beba hisia hiyo ya kungoja unapokwenda kutazama. Bila hiyo, maua yatabaki kuwa mapambo.

Kabla ya kutazama

Chagua kazi moja, mbili zikizidi sana. Kosa linaloharibu ziara nyingi ni kutaka kumaliza jumba zima. Jicho huchoka kabla ya miguu, na baada ya saa moja na nusu hivi kila mchoro unafanana na ule uliopita. Tenga dakika 20 kwa kazi moja: 5 kwa mbali, 10 kwa karibu, na 5 tena kwa mbali. Zile 5 za mwisho usiziruke, maana ndipo ulichokiona kwa karibu kinapoungana na umbo zima.

Usianze na kibao cha maelezo. Ukikisoma kwanza, macho yatakwenda kuhakikisha kilichoandikwa na kuacha mengine yote. Tazama dakika tano, kisha soma, kisha rudi.

Huna safari ya Ulaya? Usitumie picha ndogo inayotokea ya kwanza kwenye simu. Nenda kwenye tovuti ya jumba lenyewe, au Google Arts & Culture, ambako baadhi ya michoro, ukiwemo ule tutakaouanza hapa, imepigwa kwa ubora unaokuruhusu kukuza mpaka uone mchirizi wa brashi. Zima ile hali ya usiku inayotia kioo cha simu unjano, ongeza mwanga, na ikiwezekana tumia kompyuta.

Kisha pima ukubwa. Simu hufanya kila kitu kilingane na kiganja, na hili hupotosha kuliko hata rangi. Mchoro wa Botticelli uitwao Primavera, neno la Kiitaliano la majira ya kuchipua, una kimo cha sentimita 207 na upana wa sentimita 319. Tandaza ukutani doti ya khanga ambayo haijakatwa, halafu nyingine chini yake. Hapo umepata ukubwa unaokaribia sana ule wa mchoro. Simama mbele yake. Watu waliochorwa humo ni karibu wakubwa kama wewe, na hilo pekee hubadilisha namna ya kuutazama.

Primavera: soma kutoka kulia

Sandro Botticelli aliuchora Florence, Italia, karibu na mwaka 1480, kwa rangi ya tempera juu ya mbao za mpopla. Upo katika jumba la Uffizi, mjini humo humo. Jumba hufungwa Jumatatu, na mchoro upo nyuma ya kioo cha kinga. Ukiona mng'ao unakukera, sogea hatua moja upande, usisogee mbele.

Simama mita nne au tano. Utaona watu tisa katika bustani ya michungwa: wanane wamesimama au wanaelea karibu na majani, na mtoto mmoja mwenye mabawa yuko hewani. Wengi huanza kushoto kwa sababu ndivyo wanavyosoma kitabu, wakakutana na kijana aliyewapa kisogo wenzake, wakachanganyikiwa. Kisa kinaanza kulia. Aliyesoma chuoni, au aliyewahi kufuata utenzi wa zamani katika hati za Kiarabu, hatapata taabu hapa. Aende vivyo hivyo.

Kulia kabisa yupo Zephyrus, upepo wa magharibi. Ngozi yake ni ya kibuluu na kijani, mashavu yamevimba kwa kupuliza, na miti iliyo upande wake imepinda. Upepo kuleta majira ni jambo ambalo watu wa pwani wanaohesabu mwaka kwa kusi na kaskazi hawahitaji kufafanuliwa. Miti hiyo ni mlaureli, ule ambao majani yake makavu huuzwa kama kiungo cha mchuzi. Uweke akilini, tutakutana nao tena Roma.

Sasa sogea mpaka mita moja, au kuza picha. Zephyrus amemkamata msichana Chloris. Tazama kinywa cha Chloris: kitawi cha maua kinamtoka midomoni. Fuata maua hayo yanavyoshuka. Yanaelekea kwenye nguo ya mwanamke aliye mbele yake, na hapo yanakuwa maua ya kitambaa. Tazama pia mikono ya Chloris inavyougusa mwili wa mwanamke huyo, kana kwamba mmoja anaingia kwa mwingine. Mwanamke huyo ni Flora, malkia wa maua, na ndiye Chloris yuleyule. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwamba Chloris alikamatwa na Zephyrus, akawa mkewe, akageuka Flora. Botticelli amemchora mara mbili: kabla na baada. Dakika ya kugeuka ipo katikati yao, katika kile kitawi cha maua, upana usiozidi viganja viwili vitatu.

Usiharakishe kupita hapa ukaita "mahaba." Uso wa Chloris una hofu, anageuka nyuma, anakimbia. Ovid hafichi kwamba alichukuliwa kwa nguvu, na mchoraji naye hakuficha. Mtazamaji anayeona utamu tu katika mchoro huu ameuruka ukweli wake mmoja mkubwa.

Kaa na Flora. Ameshika maua ya waridi mapajani kwenye kunjo la nguo, mkono mmoja umezama humo, tayari kuyamwaga njiani. Mwanamke wa pwani aliyeona bibi harusi akimwagiwa asumini anajua ishara hiyo bila kamusi. Juu ya nguo yake yapo maua mekundu yenye petali zilizochanikachanika pembeni. Waitaliano huliita ua hilo garofano, na karafuu huiita kwa jina hilo hilo, kwa sababu ua lenyewe lina harufu ya karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba asilipite bila kulinusa kwa akili.

Chini ni maua matupu. Wataalamu wa mimea wametambua zaidi ya aina 130 za mimea katika mchoro huu, mingi ikiwa ni ile inayochanua maeneo ya Florence kati ya Machi na Mei. Usijaribu kuitazama yote. Chagua eneo moja la ukubwa wa kadi ya posta karibu na miguu ya Flora, ukae nalo dakika mbili kamili. Utaona kwamba jani hili ni la mviringo na lile limechanika, kwamba ua hili limefunguka na jirani yake bado limefumba. Mchoraji mvivu angechora ua moja akalirudia mara mia.

Rudi nyuma sasa, utazame katikati. Venus, mungu wa mapenzi, amesimama ndani kidogo kuliko wenzake, na matawi nyuma yake yameacha nafasi yenye umbo la tao. Mti mweusimweusi ulio nyuma ya kichwa chake ni mhadasi, mti wake tangu enzi za Wayunani, na wa harusi pia. Michungwa juu ina maua na matunda kwa wakati mmoja, jambo ambalo mchungwa hulifanya kweli. Orodha ya mali ya mwisho wa karne ya 15 inaonyesha mchoro ulikuwa katika nyumba ya Lorenzo di Pierfrancesco de' Medici, umetundikwa juu ya kiti kirefu cha mbao cha kupumzikia. Maana yake ulitazamwa kutoka chini. Kwa hiyo ukiutazama nyumbani, inua kioo cha simu au kompyuta juu kidogo ya usawa wa macho: majani yaliyoonekana kama ukuta yataanza kulala kama ardhi, na miguu itakanyaga vizuri zaidi. Wataalamu wengi huuhusisha na harusi ya Lorenzo huyo ya mwaka 1482.

Juu ya Venus, mwanawe Cupid, mrusha mishale ya mapenzi, amefungwa kitambaa machoni na bado anavuta upinde. Ukiwa na nakala ya karatasi, weka rula juu ya mshale wake. Utakupeleka kwa wale wanawake watatu wanaocheza, Neema Watatu, kuelekea wa katikati aliyetupa mgongo. Naye anamtazama nani? Kijana wa kushoto kabisa, Mercury, mjumbe wa miungu. Kijana hana habari. Ameinua fimbo yake anaondoa vijiwingu visiingie bustanini. Hapa ndipo mchoro unapofungua siri yake: kulia mapenzi yameshamgeuza mtu, kushoto bado hayajamfikia. Mshale haujaachiwa. Mtazamaji amewekwa katikati ya lililokwisha kutokea na litakalotokea.

Kabla ya kuondoka tazama mikono ya Neema: jozi moja imeinuliwa juu ya vichwa, nyingine iko usawa wa kifua, nyingine chini. Fuata vidole vilivyosukana, kimoja baada ya kingine. Nguo zao zinaonekana kama ukungu kwa sababu rangi imewekwa nyepesi, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwili unaonekana kwa ndani.

Tatizo moja la rangi. Mchoro ulisafishwa na kutengenezwa, kazi ikamalizika mwaka 1982. Picha za vitabu vya kabla ya hapo zinaonyesha ngozi ya rangi ya asali na majani karibu meusi, kwa sababu ya vanishi ya zamani iliyogeuka njano. Ukiona nakala ya namna hiyo, iache. Hata baada ya kusafishwa, kijani bado ni kizito. Katika michoro mingi ya zama hizo rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa shaba hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo unapotazama uwanja ule, ongeza ukijani kichwani mwako. Siku ulipotoka kwa mchoraji ulikuwa mbichi zaidi.

Marumaru: usisimame, tembea

Sanamu haitazamwi kwa miguu iliyotulia. Anayesimama mbele ya sanamu dakika kumi bila kusogea ameiona picha moja tu ya sanamu hiyo. Na kazi inayofundisha jambo hili kuliko nyingine yoyote ni Apollo na Daphne ya Gian Lorenzo Bernini, iliyochongwa kati ya mwaka 1622 na 1625, na ipo Galleria Borghese mjini Roma. Alipoianza Bernini alikuwa na umri wa miaka 23. Kimo chake ni sentimita 243.

Kisa ni cha Ovid tena. Cupid alimchoma mungu Apollo kwa mshale wa dhahabu, akapenda. Akamchoma msichana Daphne kwa mshale wa madini ya risasi, akachukia. Apollo akamkimbiza. Alipokaribia kumshika, Daphne akamwomba baba yake, mungu wa mto, ambadilishe umbo. Akageuka mlaureli, mti uleule.

Galleria Borghese haiingiliki bila kuweka nafasi mapema, na kila kundi hupewa saa mbili. Waliozoea kupanda juu kwenye michoro kwanza hurudi chini wakiwa na dakika kumi zilizobaki. Anza na sanamu, uzipe dakika 25 hii moja. Mizigo huachwa chumba cha mizigo, kwa hiyo daftari na penseli vishike mkononi.

Fanya hivi. Nenda nyuma ya Apollo. Leo sanamu ipo katikati ya chumba, lakini hapo mwanzo iliwekwa karibu na ukuta, na aliyeingia aliuona kwanza mgongo wa Apollo. Kutoka hapo hujui mwisho wa kisa. Unaona mwanamume anakimbia, joho linapepea, mguu mmoja uko hewani. Sasa zunguka taratibu kwa upande wa mkono wake wa kulia, ukisimama kila hatua moja. Daphne anaanza kutokea. Hatua mbili, unaona mdomo wake uliofunguka. Hatua nyingine, unaona vidole vyake vimekwisha kuwa majani, nywele zinakuwa matawi, vidole vya miguu vimeota mizizi na vimeshika ardhi. Umekitembea kisa kwa miguu yako mwenyewe, kutoka kukimbia mpaka kuganda.

Ukifika pembeni, simama utazame kiganja cha kushoto cha Apollo kilicho kiunoni mwa Daphne. Hakijagusa ngozi. Kimegusa gome. Amemfikia katika nukta ileile aliyompoteza, na uso wake haujajua bado. Watu wengi hupita mahali hapa kwa sababu macho yamevutwa na majani juu. Kisa kizima kipo chini ya kiganja hicho.

Kisha linganisha namna jiwe moja lilivyochongwa kwa njia tofauti: ngozi imesuguliwa mpaka inateleza, gome limeachwa likwaruze, nywele zimechimbwa kwa keekee zikapata vivuli, na majani yamechongwa membamba kiasi kwamba mwanga hupenya pembezoni. Sehemu kubwa ya majani na mizizi hiyo midogo husemwa kuwa ni kazi ya msaidizi wake, Giuliano Finelli, na mtu anayejali kazi ya mikono anapaswa kulijua jina hilo. Kwenye msingi yapo maneno ya Kilatini ya Maffeo Barberini, aliyekuwa Papa Urban VIII mwaka 1623, yakionya kwamba anayefuata raha zinazokimbia hujaza mikono majani, au huchuma matunda machungu. Yanasomeka kama methali. Lakini sanamu yenyewe ni pana kuliko onyo hilo, kwa sababu inamsikiliza Daphne pia.

Aliye mbali asitegemee picha moja. Tafuta video inayoizunguka, au kusanya picha sita za pande tofauti uzipange kwa mduara. Na kama nyumbani kuna kinyago cha Kimakonde, fanya zoezi nacho kwanza: kiweke juu ya stuli, taa ikiwa upande mmoja, ukizunguke mara tatu. Macho yakishazoea kufuata umbo linaloingia ndani ya umbo jingine, Bernini hatakuwa mgeni.

Kwa mapenzi yenye heri zaidi, nenda Louvre, Paris (hufungwa Jumanne), kwa Antonio Canova: Psyche akihuishwa kwa busu la Cupid, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1787 na kumalizika 1793. Psyche alifungua chombo alichokatazwa kufungua, akazama katika usingizi mzito, na Cupid amekuja kumwamsha. Mbele yake tazama jambo moja tu, mikono. Mikono ya Psyche imeinuka na kufanya duara, na nyuso mbili zimo ndani ya duara hilo, midomo bado haijakutana. Nafasi ile ndogo kati ya midomo ndiyo Canova aliyoichonga kwa uangalifu kuliko yote. Zunguka nyuma ukione chombo na podo la mishale, kisha tafuta mpini karibu na mguu wa Psyche. Uliwekwa ili sanamu iweze kuzungushwa juu ya msingi wake. Kwa Kiyunani psyche ni roho, na pia ni kipepeo.

Sanamu ya Auguste Rodin iitwayo Busu, katika jumba lake mjini Paris, iangalie kwa kipimo hichohicho. Wengi huapa kwamba wapenzi wale wanabusiana. Sogea uone: midomo haijagusana kabisa, na mwanamume bado ana kitabu mkononi, kile walichokuwa wakisoma pamoja.

Dhahabu haipigiki picha

Busu nyingine, ya Gustav Klimt, ipo Belvedere mjini Vienna. Ni mraba wa sentimita 180 kwa 180, kazi ya mwaka 1907 na 1908, rangi ya mafuta pamoja na dhahabu halisi iliyopigwa nyembamba. Huenda huu ndio mchoro wa mapenzi unaochapishwa zaidi kwenye vikombe na mito, na karibu kila nakala humnyima mtazamaji kitu chake kikubwa. Dhahabu iliyochapishwa hugeuka njano au kahawia, imekufa. Dhahabu ya kweli hufanya kama zari kwenye joho la bwana harusi: ukisogea inawaka hapa, inazima pale. Mbele ya mchoro huu, kwa hiyo, yumba taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, nusu mita kila upande, ukiona sehemu zinavyopeana mwanga.

Halafu tazama maumbo. Joho la mwanamume lina mistatili, nyeusi na nyeupe. Nguo ya mwanamke ina miduara na maua. Tafuta mahali yanapokutana. Mwisho shuka miguuni: wapenzi wamepiga magoti kwenye bustani ya maua, na vidole vya miguu ya mwanamke vimejikunja ukingoni kabisa, mahali bustani inapokwisha.

Machipuko yasiyo na mtu

Tumalizie kwa tawi. Vincent van Gogh alichora Mlozi Unaochanua huko Saint-Rémy, Ufaransa, Februari 1890, kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake Theo aliyezaliwa 31 Januari mwaka huo na kupewa jina lake, Vincent. Mlozi huchanua mapema kuliko miti mingi, baridi ikiwa haijaondoka, ndiyo maana ulimfaa mtoto mchanga. Mchoro upo Van Gogh Museum, Amsterdam, sentimita 73.3 kwa 92.4.

Hapa hakuna mwili, hakuna kisa cha miungu, na anayetafuta uzuri wa uso atapita. Fanya hatua tatu. Tafuta shina: halipo. Tafuta ardhi: haipo. Mchoraji alijifunza kukata picha namna hii kutoka kwa chapa za mbao za Japani, na matokeo yake ni kwamba unatazama kama aliyelala chali chini ya mti. Kisha fuata tawi moja kutoka upande lilikonenepa mpaka ncha. Gome limechorwa kwa mistari mizito, limekunjamana, linaonekana la mti mzee. Kadiri unavyokaribia ncha, mistari inakuwa myepesi, unaanza kukuta vitumba vilivyofumba, vilivyofumbuka nusu, na maua yaliyo wazi, katika tawi hilo hilo.

Angalizo la rangi tena: baadhi ya rangi nyekundu alizotumia Van Gogh hufifia kwa mwanga. Mchoro wake wa maua ya waridi wa mwaka 1890 ulioko Metropolitan Museum, New York, ulikuwa wa pinki. Leo ni karibu mweupe. Anayesifu "weupe safi" wa maua yale anasifu kazi ya jua.

Ukimaliza kutazama kazi yoyote kati ya hizi, andika sentensi tatu usiku huohuo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na picha ya simu. Maneno "nzuri," "ya kuvutia" na "ya kupendeza" yasiwemo. Sentensi ya kwanza iseme kitu kilikuwa nini, ya pili kinakuwa nini, ya tatu ni sehemu gani haijageuka bado. Kwa mlozi, kwa mfano: Tawi lilikuwa gome tupu. Maua yamelijaa mpaka anga la buluu linaonekana vipandevipande. Kwenye ncha kuna vitumba ambavyo bado havijafunguka.